Kutoka Mabawa Hadi Sigi: Njia za Reli Zilizoachiwa Baiskeli

Usiku wa kuamkia Novemba 4, 1914, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alifika kwa treni kwenye Kilomita ya 6 ya reli, nje kidogo ya Tanga. Mji ulikuwa umehamwa. Baharini zilikuwapo meli za Waingereza zilizoleta askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Kamanda huyo na wenzake wawili wakapanda baiskeli, wakakatiza mitaa mitupu kwa mwanga wa mbalamwezi hadi bandarini, wakaziangalia meli zilizokuwa zimewasha taa zote, kisha wakarudi kuwapanga askari wao. Kesho yake kikosi cha watu kama elfu moja kiliwarudisha wavamizi majini.

Wanaosimulia vita vya Tanga huwataja nyuki waliowachoma askari wa pande zote mbili. Baiskeli zile hazitajwi sana, nazo zinastahili, kwa sababu zinaonyesha jinsi mji huu ulivyosafiri kwa zaidi ya miaka mia: treni ililetea Tanga watu na mizigo kutoka mbali, baiskeli ikamalizia kilomita za mwisho. Askari waliokuja kuulinda mji walisafirishwa kwa reli kutoka Moshi, lakini aliyekwenda kuuchungulia usiku alikwenda kwa pedali.

Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na ndiyo ya kwanza katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ilikwenda kwa kusuasua. Muheza, mwendo wa kilomita 40 tu, ilifikiwa mwaka 1896, na hapo kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, ikaisukuma hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, jumla ya kilomita 352. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929. Kwa sehemu kubwa ilifuata bonde la mto Pangani, mapito yale yale ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro.

Mwaka huo huo wa 1893 liliingia zao ambalo lingeijaza reli hiyo mizigo. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani, na kutoka katika miche hiyo yakaenea mashamba yaliyofunika ardhi kuanzia Pongwe na Ngomeni hadi Korogwe na kwingineko. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa, nyingi kuliko nchi yoyote duniani.

Mkonge ni mzito ukiwa mbichi, na sehemu ndogo sana ya jani ndiyo singa. Kwa hiyo kila shamba kubwa lilitandika reli yake nyembamba, ambayo fundi na manamba wachache waliweza kuihamisha kufuata mahali panapokatwa. Mabehewa madogo ya toroli yalibeba mafungu ya majani hadi kwenye korona, mashine ya kuyaponda na kuyachuja, na singa iliyokaushwa ikaendelea hadi kwenye stesheni ya reli kuu. Katika ramani za enzi hizo vijistari vya reli za mashamba vimetapakaa pembeni mwa reli kuu kama mizizi ya mnazi.

Kisha ikaja nailoni. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, uzalishaji ukaporomoka hadi kufikia tani kama 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Reli za toroli hazikuwa na kazi tena. Chuma kiliuzwa, mataruma yakaoza au yakawa kuni. Kilichobaki ni matuta: vipande virefu vilivyonyooka, vimeinuka kidogo juu ya shamba, havina kona kali wala mlima wa ghafla. Mtu wa baiskeli akifika kwenye tuta la namna hiyo huhisi mara moja kwamba njia haikuchongwa kwa ajili ya gari, kwa sababu miguu haipati shida.

Sababu ya hali hiyo ni ya kihandisi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki vizuri, hivyo treni haiwezi mlima. Mhandisi alilazimika kukata kingo, kujaza mabonde na kuzungusha njia ili mwinuko uwe wa taratibu. Waingereza waliitambua faida hiyo walipofunga njia nyingi za treni kwao katika miaka ya 1960. Kati ya 1979 na 1986 watu wa kujitolea waligeuza tuta la reli lililoachwa kati ya Bristol na Bath kuwa njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 21. Hispania ilianza mpango kama huo wa nchi nzima mwaka 1993, ikaziita njia zake za kijani.

Mkoa wa Tanga una mgombea wake wa kazi hiyo, tena mwenye mandhari ambayo Bristol haina: reli ya Sigi.

Iliachana na reli kuu pale Tengeni, baada ya Muheza, ikapanda kilomita zipatazo 23 kuelekea msitu wa Usambara Mashariki. Upana wake ulikuwa milimita 750, wakati reli kuu ilikuwa na mita moja, na ufinyu huo uliiwezesha kukunja kona kando ya vilima. Ilijengwa kwa hatua katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 ili kushusha mbao za msituni na mazao ya mashamba. Kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, nacho kilipata njia ya kupitishia miche, mbegu na vifaa vyake.

Reli zenyewe ziling'olewa zamani. Nyumba ya stesheni ya Sigi, hata hivyo, bado imesimama, imekarabatiwa, na sasa ni kituo cha kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997.

Mwendesha baiskeli anayeanzia Mabawa, mjini Tanga, ana safari ya siku moja nzito au mbili za starehe. Atatoka asubuhi pamoja na wauza samaki, matenga yao yamefungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Barabara ya lami itampitisha Kange na Pongwe, ambapo malori ya saruji yanadai nafasi yote, hivyo ni vyema kuondoka mapema. Ngomeni na Mlingano zitamwonyesha mkonge, na Muheza itamlaki kwa machungwa. Baada ya Muheza mafundi baiskeli wanaadimika, na pampu na viraka vinatakiwa viwe mfukoni. Sigi ipo mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Amani, kwenye mita 900, ni kupanda kwa kona kali kiasi kwamba wengi husukuma. Kwenye miamba yenye unyevu ya misitu hii huota ua la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao, na ambalo mwaka 1893 lilipewa jina la kisayansi Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, wakati wakazi wengi wa Tanga hawajawahi kuliona likiota kwenye makazi yake ya asili.

Tahadhari moja ni ya lazima. Reli kuu ya Tanga haijafa. Treni za abiria za njia ya kaskazini zilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka ishirini, na tuta lake ni la treni pekee. Vilevile matuta ya toroli yako ndani ya mashamba yenye wenyewe, na anayetaka kuyapita aombe ruhusa kwa msimamizi wa shamba.

Kinachokosekana kwenye njia ya Sigi ni alama. Tuta la zamani lingeweza kutafutwa kwa kulinganisha ramani za Wajerumani na ardhi ilivyo, likapimwa kutoka Tengeni, likasafishwa mahali ambapo mashamba ya wanakijiji hayajalifunika, na kuwekewa vibao vya umbali. Hifadhi tayari ina waongozaji wanaoujua msitu, na vijana wa Muheza na Mabawa tayari wana baiskeli.