Kunywa Chai Maana Yake Kula

Mtu akikuuliza asubuhi pale Dar es Salaam, "Umeshakunywa chai?", haulizi habari ya majani yaliyochemshwa. Anauliza kama umekula. Unaweza kuwa umekula mihogo na samaki wa kukaanga, ukashushia maji matupu, na bado ukajibu, "Nimeshakunywa, ahsante." Nimekulia ndani ya msemo huu bila kuushangaa hata siku moja, mpaka nilipofika Guangzhou, kusini mwa China, nikakuta mji mzima unaosema vilevile. Wao husema *yum cha*, yaani kunywa chai, na mtu akikualika *yum cha* halafu ukaenda umeshiba, umemkosea.

Neno lenyewe ni lao. Wachina wengi husema *cha*. Neno hilo lilitembea kwa nchi kavu hadi kwa Waajemi, wakalifanya *chay*, likafika kwa Wahindi, kisha likatufikia sisi wa pwani. Waholanzi wao walilichukulia baharini, kutoka kwa watu wa Fujian wanaosema *te*, ndiyo maana Mwingereza anasema "tea". Kwa hiyo Mswahili akiagiza chai yuko karibu zaidi na Guangzhou kuliko Mwingereza aliyeijaza meli chai hiyohiyo kwa karne nzima.

Nilikwenda Oktoba 2018, nikiwa na mama yangu mdogo. Yeye ana duka la viatu na mabegi Kariakoo, na alikuwa akisafiri Guangzhou tangu 2006. Mimi nilikuwa nikiandika habari za wafanyabiashara wetu kule, naye akakubali nimfuate kama mkia. Tulilala Xiaobei, mtaa ambao ukisimama dakika kumi utasikia Kiswahili, Kiigbo, Kilingala na Kiarabu. Mama mdogo aliujua kama anavyoijua Msimbazi. Alijua ghala gani wanapima mzigo kwa haki na wakala gani ni mwongo. Ijumaa aliswali kwenye msikiti ulio jirani na kaburi ambalo Waislamu wa huko, kwa mapokeo yao, wanalinasibisha na Swahaba Sa'd bin Abi Waqqas. Chakula chake kilikuwa kimoja tu: tambi za kuvutwa kwa mkono, kwa Waislamu waliotoka kaskazini-magharibi mwa China.

"Mamdogo, miaka kumi na mbili yote hujawahi kuingia kwenye nyumba ya chai?"

"Nikafanye nini humo? Nguruwe, mwanangu. Na muda wa kukaa ninao?"

Basi nikaenda peke yangu. Nyuma ya hoteli yetu kulikuwa na mgahawa wa chini, bango lake limefifia, meza zina mifuniko ya plastiki. Saa moja asubuhi umeshajaa wazee. Hakuna anayekupangia meza. Ukiona kiti kitupu unakaa, hata kama wenye meza huwajui. Nilikaa na mzee mmoja mwenye gazeti. Nikaletewa buli la chai nyeusi ya pu'er, birika la maji ya moto na bakuli kubwa. Nikajimiminia chai. Mzee akatikisa kichwa, akanichukulia kikombe, akakisuuza kwa maji ya moto pamoja na vijiti na kibakuli changu, akayamwaga maji yale kwenye bakuli kubwa. Kumbe ndiyo kazi yake. Kisha akanimiminia. Nilipotaka kumshukuru kwa Kichina changu cha kuokoteza, akanionyesha: unakunja vidole, unagonga meza mara mbili au tatu. Hiyo ndiyo ahsante, na haikatizi mazungumzo wala kutafuna. Watu wa huko husimulia kwamba mfalme Qianlong alitembea kusini kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake, na mtumishi kwa kuwa hakuweza kupiga magoti hadharani, akapigisha vidole magoti mezani. Ni hadithi tu, lakini niliipenda maana inasimulia jinsi ya kutoa heshima bila kujidhalilisha.

Vyakula vinavyoletwa na chai hiyo huitwa *dim sum*, yaani "kugusa moyo". Sisi tungeviita vitafunwa, na sioni tafsiri bora zaidi. Vinakuja kwenye vikapu vidogo vya mianzi vilivyopangwa juu ya mvuke, vitatu au vinne kila kikapu. *Har gow* ni kamba ndani ya ngozi ya wanga nyembamba hadi unaona wekundu wake. *Cheung fun* ni shuka laini la unga wa mchele lililoviringishwa, likamwagiwa sosi ya soya. Miguu ya kuku wanaiita kucha za finiksi. Inakaangwa, inachemshwa na viungo, kisha inapigwa mvuke mpaka ngozi inaachia mfupa yenyewe. Kwetu miguu na vichwa vya kuku ni kitoweo cha mwisho wa mwezi, kinauzwa jioni kwenye sinia kando ya barabara. Kule mzee wangu alikuwa akiinyonya taratibu kama mtu asomaye barua.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Unalipia kwanza nafasi yako na chai, pesa kidogo kwa kila kichwa. Vitafunwa vina madaraja: vidogo, vya kati, vikubwa na maalumu, mhudumu anapiga muhuri kwenye kadi yako kulingana na daraja. Mzee yule alikuwa na mihuri miwili tu. Nilimwacha palepale baada ya saa mbili, buli lake likiongezwa maji kwa mara ya nne. Hakuna aliyemtazama vibaya.

Hapo ndipo habari ikaninasa. Nilikuwa nimedhani vitafunwa hivi ni mapambo ya matajiri yaliyoshuka bei. Historia inasema kinyume.

Kuanzia 1757 hadi 1842, Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China ambayo meli za Ulaya ziliruhusiwa kufanyia biashara. Chai, hariri na vyombo vya kauri vyote vilipita pale, juu ya mabega ya watu. Ikaja Vita ya Afyuni, Uingereza ikashinda, na mkataba wa Nanjing wa 1842 ukafungua bandari nyingine nne na kuitoa Hong Kong. Katikati ya karne hiyo ya 19, Guangzhou ikiwa imejaa wapagazi, wasukuma mikokoteni na mafundi, zilienea nyumba za chai zilizoitwa *yi lei gun*, nyumba za li mbili. Li ilikuwa sehemu ndogo mno ya fedha, nayo ndiyo ilikuwa bei ya chai. Ndani kulikuwa na meza za mbao, mabenchi, mabuli ya udongo yasiyo na urembo, na keki nzito za magimbi au za unga wa mchele. Mtu aliyebeba mizigo tangu alfajiri aliingia, akanywa, akajaza tumbo, na muhimu kuliko yote, akakaa.

Kutokana na nyumba hizo ukabaki msemo wa "buli moja, vipande viwili", ambao hadi leo ndio kipimo cha kunywa chai kwa mtu wa kawaida. Niliposikia nilicheka. Chai na maandazi mawili! Kijiwe gani cha mama lishe Tanzania hakijui hesabu hiyo?

Pesa ilipoona watu, ikafuata. Zikajengwa nyumba za chai za ghorofa mbili na tatu, zenye nakshi, vioo vya rangi na ndege wa kuimba kwenye vitundu. Tao Tao Ju ilianza 1880. Lin Heung, maarufu kwa maandazi ya mbegu za yungiyungi, 1889. Wakantoni wana msemo kwamba mwenye pesa hupanda ghorofa juu ya ghorofa, asiye nazo huchuchumaa chini. Kadiri ulivyopanda ngazi, bei ya chai ilipanda nawe. Katika miaka ya 1920 nyumba hizo zilianza kushindana kwa kubadilisha orodha ya vitafunwa kila wiki, na wapishi wakalazimika kubuni. Ushindani huo ndio ulioleta wingi tunaouona leo. Hata vikombe vya keki ya mayai, ambavyo siku hizi haviachi kutajwa, ni mjukuu wa keki za Wazungu aliyeingizwa jikoni nyakati hizo.

Baada ya 1949, chama cha kikomunisti kilipotwaa nchi, wapishi na wenye mitaji wengi walivuka kwenda Hong Kong. Kule mapishi yakakua zaidi, na kutoka huko yakasambaa duniani na wahamiaji. Lakini wahamiaji wa Guangdong walishatangulia zamani: New York, mtaa wa Doyers, kuna nyumba ya chai iitwayo Nom Wah iliyofunguliwa 1920. Kila walipokwenda kufua nguo, kujenga reli au kuuza duka, walitaka mahali pa kukaa Jumapili.

Mfano ninaoupenda ni wa juzijuzi. Mwaka 2009, Mak Kwai-pui, mpishi wa vitafunwa aliyekuwa amefanya kazi kwenye mgahawa wenye nyota tatu za Michelin ndani ya hoteli ya kifahari Hong Kong, alifungua kijigahawa Mong Kok, mtaa wa watu wa kawaida. Kilikuwa na viti kama 20. Kikaitwa Tim Ho Wan. Muda si mrefu nacho kikapata nyota moja, kikasifiwa duniani kote kama mgahawa wa nyota wenye bei nafuu kabisa. Waandishi wenzangu waliandika kana kwamba ufundi wa juu umeshuka kuwatembelea maskini. Mimi naona ulikuwa unarudi kwao. Ila kilichofuata kilikuwa foleni ya saa kadhaa, kisha matawi nchi mbalimbali, na meza inayotakiwa uiachie haraka. Vitafunwa vilibaki na bei yake. Kilichopotea ni kule kukaa.

Asubuhi ya mwisho nilimvuta mama mdogo kwa nguvu. "Uje unywe chai tu, mamdogo. Chai haina nguruwe." Alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Nikapekua orodha kwa msaada wa simu, nikapata kitu kimoja na kuthibitisha kwa mhudumu mara tatu. Kikaletwa kikapu: viazi vitamu, vipande vya mahindi, magimbi na karanga za maganda, vyote vya mvuke. Mama mdogo alikitazama kikapu, akanitazama mimi.

"Nimevuka bahari yote hii nije kula magimbi?"

Alicheka hadi akafuta machozi kwa mtandio. Kisha akala yote. Mzee wa meza ya pili alipotumiminia chai, nikamwonyesha namna ya kugonga vidole. Akagonga kwa pete yake, ko, ko, ko, na mzee akacheka. Tulikaa saa nzima na nusu. Sikumbuki kumwona amekaa muda huo wote popote Guangzhou.

Ilikuwa safari yetu ya mwisho. Aprili 2020, wakati wa hofu ya corona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba za kupanga na hoteli, wengine wakalala nje na mabegi yao. Kwenye mgahawa mmoja liliwekwa bango kwamba weusi hawaruhusiwi kuingia. Serikali za Afrika zililalamika wazi. Mama mdogo alikuwa salama Dar, lakini rafiki yake wa biashara alikuwa kule, akilia kwenye simu usiku. Nilisikia mwenyewe sauti ile ikitoka kwenye spika, na mama mdogo akirudia neno moja tu: "Kaa hapohapo, dada. Kaa." Ilhali shida ya dada ilikuwa ni kwamba hana pa kukaa.

Nimelifikiria jambo hili sana wakati nasoma historia ya zile nyumba za li mbili. Mji uliobuni mahali ambapo mpagazi angeweza kuketi na buli moja na vipande viwili bila kufukuzwa, ndio huohuo uliowafukuza wapagazi wa zama zetu, wale wanaobeba viatu na mabegi hadi Kariakoo. Sisemi mzee wangu wa gazeti alihusika. Sisemi pia kwamba wema wake unafuta yaliyotokea. Vyote viwili ni vya Guangzhou, na sijui kuvipanga vikae kikapu kimoja.

China ilifungua mipaka tena Januari 2023. Wenzake wengi wamerudi kule. Mama mdogo bado. Anaagiza kwa simu, wakala anapakia, mzigo unakuja wenyewe. "Nina umri wa kukaa sasa," anasema, na kweli amenunua kiti kizuri.

Mwezi uliopita nilipita dukani kwake saa nne asubuhi. Kijana wa chai alikuwa amefika na chupa yake na vitumbua kwenye ndoo. Nikasalimu, shikamoo, marahaba, na kabla sijasema kilichonileta akanisogezea kigoda: kaa kwanza unywe chai. Kijana alipommiminia, mama mdogo alikuwa anaongea na mteja juu ya saizi za viatu. Hakukatiza. Aligonga kioo cha kaunta kwa pete, ko, ko, ko, na kijana, ambaye hajawahi kufika hata Zanzibar, akaitikia kwa kichwa kama aliyezoea, akaenda zake duka la pili.