Mizani na Chungu: Haki katika Elimu ya Lishe, Karatu na Ngorongoro

Asafiriye kutoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita Karatu, na akisha kuuacha mji huo hupanda mpaka lango la Loduare. Chini ya lango hilo yamo mashamba ya ngano, mahindi, maharage, mbaazi na kahawa. Juu yake umo msitu, na ng'ambo ya msitu zimo nyanda za malisho, ambako jembe limekatazwa na sheria. Udongo wa pande zote mbili umezaliwa na volkano zile zile za kale, na maji yanayonywesha Karatu hutiririka kutoka katika msitu ulio juu. Watu wengi hulitazama lango la Loduare kama mpaka baina ya wanyama na wanadamu. Lakini ni mpaka wa vyungu viwili pia. Upande mmoja mtu aweza kukilima chakula chake. Upande wa pili hana budi kukinunua, kukiomba, au kukikosa.

Elimu ya lishe hushughulika na chungu: kilichomo, kiasi chake, na athari yake katika mwili wa mtoto, mjamzito na mzee. Ni elimu yenye manufaa makubwa, na hapana mwenye akili atakayeidharau. Hata hivyo, historia ya Karatu na Ngorongoro yaonyesha kuwa yaliyomo chunguni aghalabu huamuliwa kabla chungu hakijainjikwa mekoni, na huamuliwa na watu wasiokila chakula hicho. Basi ni halali kuuliza: elimu hii, ambayo imeipima sana miili ya watu wa nchi hii, imewatendea haki kwa kadiri gani?

Zamani, kabla ya utawala wa kigeni, watu wa hapa walikuwa na vyungu vya namna nyingi. Wahadzabe, wakaao kandokando ya ziwa Eyasi, waliishi kwa asali, mizizi, ubuyu, matunda ya porini na nyama ya mawindo. Wairaki, ambao wengi huwaita Wambulu, walilima nafaka na kufuga ng'ombe. Wadatoga walichunga. Wamasai walitegemea maziwa, nyama na damu, na katika supu yao walitia magome ya miti, kama vile olkiloriti, kwa elimu waliyorithi kwa wazee wao. Katika boma la Kimasai mwenye kuyagawa maziwa alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyejua mtoto yupi anyweshwe kwanza, na mgeni yupi apewe kilichosalia.

Wala haikuwa kila taifa limejifungia katika chungu chake. Ngozi, mifugo, asali na nafaka vilipita kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Faida ya mabadilishano hayo ilidhihirika siku ya msiba. Mnamo mwaka 1890 na miaka iliyofuata, sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Mwaustria Oscar Baumann, alipofika Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, aliwakuta Wamasai waliokondeshwa na njaa hata wakawa kama mifupa iliyovikwa ngozi. Wengi walikufa. Katika walionusurika, wengi walinusurika kwa kukimbilia kwa wakulima, wakaishi nao, wakala nafaka yao, mpaka walipojipatia mifugo tena. Ruhusa ya kutoka katika chungu kimoja na kuingia katika kingine ndiyo iliyokuwa bima yao.

Bima hiyo ikaanza kupunguzwa taratibu. Wakati wa utawala wa Wajerumani walowezi walipewa ardhi hata ndani ya kreta yenyewe, ambamo Adolf Siedentopf alikuwa na shamba lake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya walowezi yakaenea Oldeani na Karatu. Mwaka 1951 Ngorongoro ilitiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mwaka 1954 kilimo kikakatazwa ndani yake. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai waliweka alama zao katika mapatano ya kuiacha Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 sheria ikaitenga Ngorongoro iwe eneo ambalo watu, mifugo na wanyama wa porini wangeishi pamoja. Lakini mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta wakaondolewa kwa nguvu, na sheria ya mwaka 1975 ikalipiga jembe marufuku katika eneo lote. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela akaruhusu kilimo kidogo cha kujikimu, kwa kuwa njaa ilikuwa imedhihiri. Mwaka 2009 ruhusa hiyo ikaondolewa. Hivyo ndivyo jembe la Ngorongoro lilivyokatazwa, likaruhusiwa, likakatazwa tena, na kila mara chungu kililifuata jembe.

Katika miaka hiyo hiyo elimu ya lishe nayo ilikuwa ikikua, na haikukua mbali na watu hawa. Mwaka 1931 John Boyd Orr wa Uskoti na daktari John Gilks wa serikali ya Kenya walitoa kitabu cha utafiti wao juu ya Wamasai na Wakikuyu. Walieleza kuwa mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenziwe wa Kikikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, wakaitaja sababu kuwa ni chakula: maziwa, nyama na damu kwa mmoja, nafaka na viazi kwa mwingine. Boyd Orr baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Utafiti wake ulisifiwa kote. Lakini nchi ya Wakikuyu ilikuwa imemegwa ikapewa walowezi, na wanaume wao walikuwa wakienda kufanya kazi ya kibarua. Na mambo haya hayakupewa uzito katika mizani ile. Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliuchunguza upya utafiti huo, akauweka katika hali ya ukoloni uliouzaa.

Mwaka 1962 daktari Derrick Jelliffe wa Makerere, pamoja na James Woodburn na wenzao, alichapisha habari za watoto wa Wahadzabe. Watoto wale, ambao wazazi wao hawakuwa na shamba wala zizi, walionekana kuwa na hali njema ya lishe, katika zama ambazo unyafuzi ulikuwa ukiwaua watoto wengi wa wakulima wa Afrika Mashariki. Ungetarajia kwamba habari hiyo ingewafanya wakubwa wawaulize Wahadzabe siri ya chungu chao. Haikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1960 mamia yao walikusanywa katika makazi ya Yaeda, wakagawiwa mahindi, wafundishwe kulima. Maradhi yaliwashika kwa wingi, baadhi yao wakafa, na waliosalia wengi wakarudi porini.

Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima wanaume wa Kimasai 400 wa Tanganyika. Walistaajabu kwamba watu waliolishwa kwa maziwa na nyama hawakuwa na dalili za ugonjwa wa moyo uliokuwa ukiwaua Wamarekani. Mwaka 1972 wakachapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliokwisha kufa. Basi moyo wa Mmasai ulijulikana katika vyuo vya Marekani. Miaka miwili baadaye Wamasai wa kreta waliondolewa penye maji, majani na chumvi ya mifugo yao, na mwaka uliofuata jembe likakatazwa.

Si haki kuwatwika madaktari wale lawama ya sheria ambazo hawakuzitunga. Wengi wao walikuwa watu wa nia njema, na waliyoyaandika yangali na thamani. Kasoro imo katika kutengana: mwenye kupima aliambiwa apime, mwenye kutunga sheria akatunga, na baina yao hapakuwa na mtu wa kusema kwamba sheria ile ingeingia katika mwili wa mtoto na kuonekana juu ya mizani. Mfano wa njia nyingine ulikuwapo. Daktari Cicely Williams, alipokuwa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliwauliza akina mama Waga jina la maradhi yaliyowavimbisha watoto wao. Mwaka 1935 aliliandika jina lao lile lile, kwashiorkor, na ulimwengu wote ukalipokea. Alitambua kuwa mama aliyeyaona maradhi kabla ya daktari ana elimu, wala si mgonjwa wa pili.

Matokeo ya kutengana huko yaonekana waziwazi Ngorongoro. Mwaka 1959 wakazi wake walikadiriwa kuwa 8,000. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata zaidi ya 90,000. Ng'ombe hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, kwa kuwa ukame, ndigana, na maradhi yatokayo kwa nyumbu wanaozaa nyandani viliwapunguza mara kwa mara. Maziwa yaliyokuwa ya mtu mmoja yakagawiwa wengi. Mahindi yakawa chakula cha kila siku, na mahindi hayo hupandishwa kutoka Karatu, yakapita langoni yakiwa yameongezewa nauli. Wakati wa kiangazi ng'ombe hukonda na bei yake hushuka, na wakati huo huo bei ya gunia hupanda. Mwenye mifugo michache huuza uzazi wa kesho apate ugali wa leo. Na mwanamke, ambaye zamani alikuwa mwenye kibuyu, hungoja mume auze mnyama ndipo apate unga.

Katika hali hiyo mtaalamu wa lishe hufika na somo lake. Huwaambia wazazi wachanganye makundi ya vyakula, wapande mboga karibu na nyumba, watie matunda katika mlo wa mtoto. Ni shauri jema kwa mama wa Karatu mwenye kiwanja na maji. Kwa mama wa ng'ambo ya lango, ambaye akichimba tuta la mchicha amevunja sheria, shauri lile lile hugeuka kuwa kejeli, ingawa msemaji hakukusudia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na mtaalamu asiyeijua sheria ya mahali anapofundishia huonekana kama mwenye shibe, hata akiwa amekwenda bila kula.

Hata hivyo dawa ya kasoro hii haina haja ya kuagizwa kutoka mbali. Mwaka 1973 Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Katika miaka ya 1980 mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, uliosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, uliwatia wanavijiji wenyewe katika kazi ya kuwapima watoto wao, kujadili sababu za kukonda kwao, na kuchagua la kutenda. Mawazo yaliyokomazwa huko yaliingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990, ambao hutenganisha sababu za karibu za utapiamlo, kama maradhi na uchache wa chakula, na sababu za mizizi, ambazo ni umiliki wa mali, ardhi na mamlaka. Elimu hiyo ilikulia Tanzania na sasa husomwa duniani. Litakuwa jambo la ajabu ikiwa itatumika kila mahali isipokuwa penye lango la Loduare.

Watetezi wa hifadhi nao wana hoja, na yafaa isikilizwe. Husema kwamba jembe likiachiliwa bila kiasi litakula msitu na kuziba mapito ya wanyama, na Karatu yenyewe itakosa maji. Jambo hilo ni kweli. Lakini haki haidai kwamba kila mteremko ulimwe. Inadai kwamba mtu akizuiliwa jembe kwa manufaa ya wote, gharama ya kuzuiliwa isiwe juu ya chungu chake peke yake. Msitu humnufaisha mkulima wa Karatu, mwenye hoteli, hazina ya taifa na mgeni atokaye ng'ambo; nao wote hula. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, Handeni, katika mabishano makali juu ya hiari na haki. Popote watakapokuwa, mizani ya mtoto itashuhudia kama walitendewa wema.

Mfano mwema haukosekani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya kuimiliki ardhi yao kwa pamoja. Hati hiyo haikuandikwa na mtaalamu wa lishe, wala haitaji mlo hata mara moja. Hata hivyo ilikilinda chungu cha Mhadzabe kuliko magunia aliyogawiwa na wazazi wa waliompa, kwa sababu ililinda mizizi, mibuyu na nyuki.

Basi taaluma ya lishe ikitaka kuitwa ya haki ina wajibu wa namna tatu. Kwanza, ipate wataalamu waliozaliwa katika maboma na kambi hizo, wanaosema Kimasai, Kiiraki na Kihadzabe, ili elimu ya mama isipotee katika tafsiri. Na hilo haliwezekani bila kuwasomesha watoto wa huko. Pili, irudishe kwa watu yale iliyoyachukua kwao, ili wajukuu wa waliopimwa mwaka 1962 na 1964 wajue kilichoandikwa juu ya babu zao. Tatu, iingie katika baraza zinapotungwa sheria za ardhi na hifadhi, iseme mapema sheria hizo zitaongeza nini na kupunguza nini katika mlo wa mtoto.

Kiswahili hutumia neno moja, mizani, kwa chombo cha kupimia uzito na kwa alama ya hukumu ya haki. Kwa muda wa karibu miaka mia elimu ya lishe imewatundika watu wa nchi hii katika mizani ya kwanza, ikaandika tarakimu kwa uangalifu. Mizani ya pili ingali inangoja, na wa kupimwa humo si mtoto, bali ni sisi tuliomwamulia chakula chake.