Unga wa yanga na ile mikono miwili kwenye kopo

 Baridi imeanza kubisha hodi.

Huku Iowa mwezi wa kumi ni mavuno. Ukitoka Des Moines mjini kidogo tu unakuta mahindi, mahindi, mahindi, mpaka macho yanachoka. Kuna mzee mmoja mkulima tunasali naye. Juzi alinipeleka shambani kwake, nikaona trela limejaa punje za manjano. Nikamwuliza, haya mnayala kwa mboga gani? Mzee akacheka karibu aanguke. Akaniambia hayo hayaliwi na watu bwana, hayo ni ya ng'ombe na nguruwe, na mengine yanakamuliwa mafuta ya kuendeshea magari.

Nikanyamaza. Rangi ile niliifahamu.

Waliokuwepo miaka ile ya mwanzo ya themanini wanakumbuka unga wa yanga. Mvua zimegoma, dukani hakuna kitu, foleni ya kijiji inaanza alfajiri. Ugali ukiiva wa manjano kama jezi ya Yanga, na harufu yake ya ghalani. Shuleni tulikunywa uji wa bulga. Mafuta ya kula yalikuja kwenye makopo ya bati yenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Marehemu Babu alikuwa haishi kusema kwamba Mmarekani hatoi kitu bure. Bibi naye akimjibu: watoto wamelala wameshiba, hayo mengine kamweleze Mmarekani mwenyewe. Mabishano yale hayakuisha mpaka wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mimi nimejaribu kuyafuatilia nikiwa huku.

Mambo yenyewe yalianza zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1921 njaa kali iliikumba Urusi, nchi ya Lenin. Serikali ya Marekani ilikuwa haitaki hata kuitambua serikali ile (iliitambua mwaka 1933 tu), lakini Herbert Hoover, aliyekuwa Waziri wa Biashara na baadaye akawa Rais, alipeleka chakula. Ilipofika Agosti 1922 walikuwa wanalisha watu zaidi ya milioni 10 kwa siku. Hoover hakuficha imani yake kwamba njaa ndiyo inayozaa ukomunisti. Na huku Iowa mahindi yalikuwa yamezidi hadi bei imeanguka vibaya. Mnaona? Huruma, siasa na ghala lililofurika, vyote ndani ya meli moja.

Sheria yenyewe iliyotuletea yanga ilisainiwa na Rais Eisenhower tarehe 10 Julai 1954. Watu huiita kwa namba yake, 480. Ukiisoma, haianzi na wenye njaa. Inaanza na ziada ya wakulima wa Marekani na namna ya kuitafutia masoko. Nchi rafiki ziliruhusiwa kununua kwa fedha zao wenyewe badala ya dola, na chakula kingine kikatolewa bure. Sheria nyingine ya mwaka huohuo ikadai kwamba walau nusu ya mizigo ya namna hiyo ipakiwe kwenye meli zenye bendera ya Marekani. Kwa hiyo mkulima anakula, mwenye meli anakula, na bibi yangu naye anakula. Mwaka 1961 Rais Kennedy akaupa mpango jina tamu, Chakula kwa Amani.

Sasa njooni kwenye kamba.

India ilipata ukame mkubwa mwaka 1965 na 1966. Katika kipindi hicho karibu sehemu moja ya tano ya ngano yote ya Marekani ilikuwa inakwenda India. Rais Johnson akaamua ruhusa ya kila shehena aishike yeye mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Huku wenyewe waliuita mtindo huo kamba fupi, kama vile mbuzi anavyofungwa asifike kwenye shamba la jirani. Alitaka India ibadilishe sera zake za kilimo, na pia alichukizwa na jinsi wakubwa wa India walivyokuwa wakisema juu ya vita vya Vietnam. Meli zikawa zinafika bandarini ngano inakwenda moja kwa moja mdomoni, akiba hakuna. Wahindi hawakusahau. Mwaka 1966 wakanunua tani 18,000 za mbegu ya ngano kutoka Mexico, ile iliyotengenezwa na Norman Borlaug, na miaka michache baadaye mavuno yao yakapanda sana. Huyo Borlaug ni mtoto wa hapahapa Iowa, wanajivunia naye mno.

Bangladesh ndiyo inayoniuma. Mwaka 1974 nchi haijamaliza hata miaka mitatu ya uhuru wake, mafuriko yameharibu mpunga, bei ya mchele haishikiki. Wakati huohuo Marekani ikawaambia kwamba sheria inakataza kuipa msaada nchi inayofanya biashara na Cuba. Kosa lao? Waliiuzia Cuba magunia ya katani ya juti. Magunia matupu, jamani! Bangladesh ikasitisha biashara hiyo, lakini hadi makaratasi yanakamilika na meli zinang'oa nanga, kilele cha njaa kilikuwa kimepita. Serikali ilitaja vifo visivyofika 30,000, lakini wapo watafiti wanaosema walikufa mamia ya maelfu. Siwezi kusema magunia ndiyo yaliyoleta njaa, maana mafuriko na walanguzi wa mchele walikuwa na sehemu yao. Ila mwaka huohuo chakula kingi cha mpango wa Amani kilikuwa kinapelekwa Vietnam ya Kusini na Cambodia, kwenye serikali zilizokuwa vitani upande wa Marekani, hadi Bunge lao lenyewe likaingilia kati na kudai sehemu kubwa iende kwa nchi maskini kuliko zote. Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Earl Butz, alisema wazi kwamba chakula ni silaha.

Babu angekuwa hai angeniambia, si nilikwambia!

Lakini silaha hii wakati mwingine humkata mwenyewe. Januari 1980 Rais Carter alizuia tani milioni 17 za nafaka zisiende Urusi kwa sababu ya kuivamia Afghanistan. Warusi wakaenda kununua Argentina. Yule mzee wa shambani anaukumbuka mwaka ule kama sisi tunavyokumbuka njaa, alivyokasirika. Reagan aliufuta mzuio huo Aprili 1981.

Na ni Reagan huyohuyo, adui mkubwa wa wakomunisti, ambaye serikali yake ilipeleka chakula kingi Ethiopia ya Mengistu kuanzia mwaka 1984. Na sisi je? Nyerere aliisema Marekani hadharani kuhusu Vietnam na kuhusu makaburu, tena kwa miaka mingi, na yanga ilikuja. Hapo Babu ananishinda kujibu, na Bibi anapata alama zake.

Tarehe 1 Julai 2025 lile shirika la misaada lililoanzishwa wakati wa Kennedy, lenye ile mikono miwili, lilifungwa rasmi, na shughuli zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Nilimwuliza yule mzee anaonaje. Aliniambia mtama na ngano vilikuwa na mnunuzi wa uhakika, sasa wenzake wa Kansas wanahesabu hasara. Hakutaja wenye njaa. Sikumlaumu, mimi pia nikiwa kazini huwa nafikiria mshahara kwanza.

Mama, lile kopo ambalo Bibi alikuwa anapimia karanga bado lipo kule jikoni? Kama lipo, tafadhali usiwape vijana wa vyuma chakavu. Nikija nitalichukua.