Kahawa ya Buhaya na Urefu wa Njia

Historia ya usharika wowote wa Buhaya haiwezi kuandikwa pasipo kuitaja kahawa, kwa maana ada za shule, mabati ya makanisa na sadaka za mavuno zilitegemea sana mibuni. Wamisionari wa Betheli walipofika mwaka 1910 waliikuta kahawa ikiwa na heshima yake. Wahaya walizichemsha buni, wakazikausha, wakazitafuna na kumkaribisha mgeni kwazo, muda mrefu kabla ya kuwapo mnunuzi wa Ulaya.

Kagera huitwa mkoa wa pembezoni. Jina hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, gunia la Bukoba liliweza kuvuka ziwa kwa meli na kupanda treni hadi Mombasa. Mwaka 1928 reli ikafika Mwanza, ikawapo njia ya pili. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia na kulivunja daraja la Kyaka. Mji ule ule, ambao haukusogea hata hatua moja, ukawa mbali. Ikabaki meli ya Mwanza, na tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama pamoja na mamia ya abiria. MV Victoria nayo ilisimama mwaka 2014, ikarudi majini mwaka 2020.

Hata hivyo isisemwe kwamba umbali peke yake ndio uliowafukarisha wakulima. Bei ya robusta hutazamwa London. Humo hutolewa nauli, ushuru na gharama za chama, na kinachobaki ndicho cha mkulima. Chama Kikuu cha Ushirika kilichoanzishwa Bukoba mwaka 1950 kilikusudiwa kumlinda, lakini vyama vikuu vilifutwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982.

Palipokosekana fedha ya haraka ndipo butura ilipopata nguvu, yaani kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya mwenye shida. Serikali imeipiga marufuku zaidi ya mara moja. Katazo hilo, pamoja na wema wake, halimpatii mjane fedha ya dawa mwezi Februari, wakati mavuno yangali mbali.