Deni la Kina Ewing

Tamthilia ya Dallas, iliyoanza kurushwa na CBS Aprili 1978, hukumbukwa zaidi kwa risasi aliyopigwa J.R. Ewing Machi 1980. Watu milioni 83 hivi nchini Marekani walitazama kipindi cha Novemba mwaka huo, kilichomtaja shemeji yake Kristin kuwa ndiye aliyeifyatua. Hata hivyo, nguvu ya hadithi ile haikuwa katika fumbo, ilikuwa katika kumbukumbu. Digger Barnes aliamini kwamba Jock Ewing, mwenzake katika kusaka mafuta, alimdhulumu mali na kumpokonya Ellie, mwanamke aliyempenda. Watoto wao wakarithi uhasama huo kama watu wanavyorithi shamba. Bobby Ewing alipomwoa Pamela Barnes, ndoa yao changa ilibeba madai ya wazee, na kila tendo liliacha deni la kulipwa misimu kadhaa baadaye.

Ndiyo maana naona kosa kubwa lilitendeka mwaka 1986. Bobby, aliyekufa mwaka uliotangulia, alitokea akioga bafuni, na msimu mzima ukageuzwa kuwa ndoto ya Pamela. Watetezi husema watazamaji walikuwa wakipungua, na Patrick Duffy, aliyemwigiza Bobby, alihitajika. Ni kweli, kumrudisha kulikuwa na maana. Lakini njia iliyochaguliwa ilifuta maziko ya Bobby, ndoa ya Pamela na Mark Graison, na machozi yote ambayo watu waliyaamini kwa mwaka mzima. Tamthilia ilidumu hadi Mei 1991, ila mtazamaji aliyeshuhudia kifo kikifutwa angekiogopaje kingine?