Mnazi Mmoja: Ardhi Iliyoachwa Wazi

Wapo wanaopita Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, wakaona kiwanja kitupu tu, chenye miti na njia za mkato za waendao Kariakoo. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi nakiona kiwanja hicho kuwa ni somo kamili.

Uwazi ule haukuja kwa bahati. Mwaka 1914 Wajerumani walipanga kuugawa mji sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na sehemu ya Waafrika. Kati ya Uhindini na sehemu ya Waafrika uwekwe ukanda usio na nyumba. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, ndio walioutekeleza mpango huo katika miaka ya 1920. Nyumba zilizokuwapo zikaondolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, eti maradhi yasivuke. Lakini mbu hachagui rangi ya mtu. Waliokusudiwa wasivuke ni watu.

Basi tazama mambo yalivyogeuka. Kando ya kiwanja upo mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ni Lumumba. Katika mtaa huo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Chama cha wanyonge hakikuwa na ukumbi wa kutosha umati, ila uwanja kilikuwa nao mlangoni. Pale palipoachwa wazi ili watu watengane, ndipo walipokusanyika kudai Uhuru. Leo upande wa pili wa kiwanja inapita barabara yenye jina la Bibi Titi Mohamed, na ndani yake umesimama mnara wa Mwenge.

Nilipokuwa mwalimu mkuu tuliletewa shauri la kumega kiwanja cha michezo ili yajengwe maduka. Tuliambiwa kuwa ardhi ile “haina kazi”. Niliwaeleza wazazi habari za Mnazi Mmoja, nikawauliza: watoto wetu watakutana wapi? Wazazi wakakataa, na kiwanja kikabaki.

Ndugu msomaji, mji ukizidi kukua, kila penye nafasi hutazamwa kwa jicho la bei. Duka likibomoka hujengwa jingine. Uwanja wa watu wote ukishagawanywa vipande, kila kipande kina mwenyewe na hati yake, na kuurudisha ni kazi ngumu mno. Afadhali kuulinda ungali mzima.