Masafa Yaliyoachiwa Oveni

Kipanya kisicho na waya kinaweza kukufanyia kazi mwaka mzima bila matatizo. Halafu siku moja unachomeka diski ya nje ili uhamishe picha za harusi, na mshale unaanza kukwamakwama kwenye skrini. Unabadilisha betri. Unakipangusa tumboni. Unakigongagonga mezani. Mwisho unakitupa na kununua kingine, na hicho kipya nacho kinasumbua vilevile diski ikirudi mahali pake. Vipanya na kibodi nyingi hutupwa zikiwa nzima kabisa, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu chanzo cha usumbufu huo kilishaelezwa hadharani mwaka 2012, na mizizi yake imeshuka hadi miaka ya 1940.

Kipanya chenyewe kilizaliwa na waya. Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walikiunda mwaka 1964 huko Menlo Park, California, kikiwa kisanduku kidogo cha mbao, na tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart akakionyesha mbele ya ukumbi wa wataalamu jijini San Francisco. Kwa miaka mingi baadaye hakuna aliyeona tatizo na waya ule.

Aliyethubutu kukata waya mbele ya wanunuzi wa kawaida, ingawa ulikuwa wa kibodi, ni IBM. Kompyuta yake ya nyumbani, PCjr, ilitangazwa Novemba 1983 ikiwa na kibodi ya betri nne iliyotuma herufi kwa mwanga wa infraredi, uleule wa rimoti ya televisheni. Mwanga huo haupindi kona. Kitu kikikaa kati ya kibodi na kompyuta, herufi hazifiki. Taa kali za chumbani nazo ziliweza kuuvuruga. Palipowekwa PCjr mbili katika chumba kimoja, kibodi ya huyu iliweza kuandika kwenye kompyuta ya yule, maana hakuna kilichotofautisha mwanga wa moja na wa nyingine. IBM iliuza pia waya wa kuunganisha kibodi hiyo, na kufika 1985 PCjr ikaondolewa sokoni.

Redio ilionekana kuwa jibu, kwa kuwa mawimbi yake hupenya mbao, plastiki na hata kuta. Mwaka 1991 Logitech ikatoa kipanya cha redio, na kwa muongo uliofuata kibodi na vipanya vingi vya nyumbani vikahamia kwenye megahezi 27. Waliovitumia wanakumbuka kitufe kidogo chini ya kipanya na kingine kwenye kipokezi: unabonyeza hiki, unabonyeza kile, unasubiri vitambuane. Kitufe kile kilikuwapo kwa sababu chaneli zilikuwa chache, na jirani akinunua kifaa kama chako mlihitaji namna ya kutengana. Haikufaulu kila mara. Mwaka 2002 magazeti ya Norwei yaliandika kisa cha mji wa Stavanger, ambako maneno yaliyochapwa na mtu mmoja kwenye kibodi yake yalijitokeza kwenye kompyuta ya mtu mwingine, nyumba nyingine, kiasi cha mita 150 kutoka hapo. Kifaa kilichokusudiwa kufika mezani tu kilikuwa kimevuka mtaa.

Hapo ndipo watengenezaji walipogeukia gigahezi 2.4, nasi ndipo tulipo hadi leo. Kuelewa kwa nini ni huko inabidi turudi nyuma kwenye chakula. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya rada huko Massachusetts, aligundua kwamba mawimbi ya rada yanaweza kupasha chakula moto. Miaka miwili baadaye oveni ya kwanza ya maikrowevu ikauzwa, na mwaka huohuo wa 1947 mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City ukatenga masafa maalumu kwa mashine za viwandani, za kisayansi na za tiba, yaani mashine zinazotumia mawimbi kwa kazi isiyokuwa ya mawasiliano. Atakayeamua kuwasiliana humo hana haki ya kulalamika akipigiwa kelele. Oveni ya nyumbani ikakaa kwenye gigahezi 2.45.

Kwa karibu miaka arobaini hakuna mfanyabiashara wa redio aliyeyataka masafa hayo. Kisha katika mamlaka ya mawasiliano ya Marekani akatokea mhandisi Michael Marcus, aliyeshikilia kwamba masafa yenye kelele bado yanafaa, mradi kifaa kitawanye ujumbe wake badala ya kung'ang'ania mahali pamoja. Mei 1985 mamlaka hiyo ikakubali watu wayatumie bila leseni. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ulibadilisha maisha ya nyumbani kuliko sheria nyingi zilizopigiwa ngoma. Wi-Fi ilipata kiwango chake cha kwanza mwaka 1997 humohumo. Bluetooth, iliyoanza kubuniwa mwaka 1994 katika maabara za Ericsson mjini Lund, Uswidi, ikaingia humohumo pia.

Bluetooth ya awali iliyagawa masafa hayo katika chaneli 79 na kurukaruka kati yake mara 1,600 kwa sekunde, ili ikikuta kelele kwenye chaneli moja iwe imeshahama. Wazo la kurukaruka halikuwa jipya. Agosti 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya mfumo wa kuongoza makombora ya majini kwa kubadilisha masafa, wakitumia karatasi yenye matundu kama ya piano inayojipiga yenyewe. Ila Bluetooth iliruka bila kuangalia inakoangukia. Ni toleo la mwaka 2003 lililojifunza kuzikwepa chaneli ambazo Wi-Fi ya karibu imezikalia.

Oveni, mwenyeji wa asili wa masafa hayo, haijaondoka. Ndani yake kuna mamia ya wati, wakati kipanya hutuma kwa nguvu ya milwati chache tu, kwa hiyo chembe ndogo inayovuja mlangoni inatosha kumfunika mdogo. Hata hivyo, oveni nyingi za nyumbani huwaka na kuzima kwa mapigo ya umeme wa ukutani, mara 50 kwa sekunde kwa umeme wetu, na vifaa vingine hupenyeza ujumbe katika mapengo hayo. Ndiyo maana wakati wa kupasha wali mshale hukwama na kuendelea badala ya kufa moja kwa moja.

Turudi kwenye diski ya nje. USB 3.0 ilitangazwa mwaka 2008, na inapitisha biti bilioni tano kwa sekunde. Mwendo huo humwaga kelele ya redio katika eneo pana, gigahezi 2.4 ikiwemo. Mwaka 2012 Intel ilichapisha vipimo vyake: kelele ilitoka kwenye diski, kwenye waya na kwenye tundu lenyewe, na kipokezi cha kipanya kilichochomekwa jirani kilishindwa kusikia. Waliochunguza walishauri kufunika vyanzo hivyo kwa chuma na kukiweka kipokezi mbali navyo. Watengenezaji wengine walifuata ushauri. Waya na diski za bei rahisi hazina kinga ya kutosha, na hizo ndizo zilizojaa madukani.

Kwa hiyo kabla ya kukitupa kipanya, chomoa diski na uangalie mshale. Ukitulia, umempata mkosaji. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kitumie kwa waya mfupi wa kurefusha USB ili kikae mezani mbele ya mkono wako. Matundu ya buluu mara nyingi ni ya USB 3, na kipanya hakihitaji kasi hiyo hata kidogo. Kama kompyuta ni ya kusimama chini ya meza na kipokezi kiko nyuma yake, kasha la chuma na miguu yako vyote viko njiani, na mwili wa binadamu, kwa maji yaliyomo, hufyonza mawimbi haya vizuri sana.

Kwa wanaoishi katika majengo ya ghorofa, ambako simu huorodhesha Wi-Fi za majirani mpaka chini ya skrini, kuna hatua nyingine. Ruta nyingi za sasa zina gigahezi 5 pia, na mwaka 2020 Marekani ikafungulia Wi-Fi gigahezi 6. Laptopu, televisheni na simu zinaweza kuhamia huko leo jioni kwa kuchagua jina lingine la mtandao. Kipanya na kibodi hazina pa kuhamia: chipu zake ni za bei ndogo, betri zake ni ndogo, na gigahezi 2.4 inaruhusiwa karibu kila nchi. Kila kifaa kikubwa unachokitoa humo kinaviachia nafasi ya kusikika.